Kipande cha Tatu

Kikwe, Meru
3 Mei 1954

Shemeji Jamaldini,

Pokea salamu zangu na za Yudithi, ambaye siku hizi anajua kuandika jina lake na ameanza kulichora kwa mkaa kwenye kila ukuta. Wa tatu wa nyumba hii hakutuma salamu, na yeye ndiye sababu ya barua yangu.

Rafiki yako Melkizedeki ameacha kulima. Usidhani ni uvivu, wewe unamjua. Mtu aliyetoka vitani Burma pamoja nawe, akafika nyumbani na kuchimba mfereji wa maji peke yake, hawezi kuamka siku moja akawa mvivu. Ameacha kwa sababu ameambiwa aache. Kuna mtu anaitwa Reginald, zamani mwinjilisti, aligombana na wazee wa kanisa akapotea miaka miwili. Sasa amerudi, na watu wake wanajiita Wangojao. Anafundisha kwamba iko siku wasio na kitu watapanda Mlima Meru mpaka juu ya msitu, na huko watachukuliwa wakiwa hai, wapelekwe nchi isiyo na vigingi vya mpima ardhi. Tangu watu walipoondolewa Ngare Nanyuki na nyumba zao kutiwa moto, maneno kama hayo hayahitaji kurudiwa mara mbili. Mama yake Melkizedeki aliondolewa kule, akafa kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo mume wangu amekuwa mtu wa kusikiliza tu.

Kijiji kimegawanyika. Wangojao wamezika majembe yao na kuzima moto majumbani mwao, na hawapokei kaa la moto kutoka kwa jirani asiye wao. Unajua hapa kwetu kukataliana moto ni jambo gani. Wiki iliyopita ndugu wawili wa tumbo moja walikatana panga kwenye mpaka wa shamba, mmoja akitaka kupanda maharage na mwingine akimwambia anamchelewesha kuchukuliwa. Ndani ya nyumba yangu mimi napika, na mwenye nyumba anakaa nje akila ndizi mbivu na maji baridi.

Naogopa, Shemeji. Yeye akitaka kupanda mlima ni mtu mzima, apande. Ila anasema atapanda na Yudithi.

Uliwahi kuniambia kwamba picha za sinema mlizo nazo kwenye gari la serikali si za kahawa na majosho ya ng'ombe peke yake, kwamba ziko za mambo yaliyotokea kweli, za watu wa nchi nyingine waliofuata viongozi wa namna hii. Nishauri ipi ingewafanya watu hapa wakae chini wafikiri. Kuhubiriwa wamehubiriwa mpaka wamechoka. Kanisani hawaji na barazani hawaji, lakini sinema watakuja, kwa kuwa msemaji ni wewe. Melkizedeki huwaambia wote kwamba Jamaldini hajapata kumdanganya.

Ni mimi, shemeji yako,
Elifuraha


Ngarenaro, Arusha
9 Mei 1954

Shemeji Mama Yudithi,

Barua yako imenifikia kupitia kwa Harshad wa duka la Usa, ikinuka mafuta ya taa na bizari, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Na wewe ujibiwe kwa njia hiyohiyo, maana nyumbani kwako sasa sijui nani anapokea barua.

Umeniuliza swali ambalo Bwana Picha, mkubwa wangu, hajaniuliza kwa miaka sita. Yeye huuliza kama vipaza sauti vinasikika mpaka nyuma. Kwa hiyo niache nijigambe kidogo, kisha nitakujibu.

Ziko tatu. Moja ni ya vijiji viwili vya Bara Hindi vilivyogombania kisima mpaka wakachomeana ghala. Ni nzuri sana mpaka karibu na mwisho. Mwishoni anatokea mhandisi na bomba, kila mtu anacheka, serikali inasifiwa. Watu wako watarudi nyumbani wakidai bomba. Ya pili ni ya mganga wa kisiwa fulani ambaye wafuasi wake walitupa dawa za hospitali baharini. Hiyo inafikirisha, lakini aliyeipiga hakuwapenda wale watu. Amewapiga picha kutoka chini, pua na meno tu. Mmeru akiiona atasema tunatukanwa, na hatakuwa amekosea.

Nakushauri ya tatu. Ni ya Wazungu wenyewe, watu wa mashambani huko kwao, waliomfuata fundi viatu aliyesema dunia inakwisha siku ya Ijumaa. Hakuna aliyeigiza. Mpiga picha aliishi nao. Iko katika vipande vitatu, kila kimoja na kopo lake la bati. Katika kipande cha kwanza wanagawa mali: mtu anampa jirani farasi wake, mwingine nyumba. Katika cha pili wanapanda kilima na nguo nyeupe, watoto mbele, wanaimba, wanainua mikono juu. Katika cha tatu kunakucha. Hakuna kilichokuja. Wanashuka na mvua, mmoja ameshika viatu mkononi. Mama mmoja anabisha hodi kwenye nyumba aliyoigawa mwenyewe. Yule fundi viatu hayumo, alitoroka. Hakuna anayewacheka. Nilipoitazama mara ya kwanza nilishindwa kula.

Kwa kuwa ni Wazungu, hakuna atakayesema anatukanwa. Atajiuliza mwenyewe, na mtu akijiuliza mwenyewe hana wa kumkasirikia.

Picha zetu hazina sauti, kama unavyokumbuka. Maneno ni yangu, kwenye kipaza sauti. Kila picha naifunga kwa maneno yaleyale, "Na hivyo ndivyo ilivyokuwa," na dereva wetu Romanus akiyasikia anazima mashine. Watu wanayajua, hata watoto wanayaitikia. Nitaipachika nyuma ya picha ya majosho, Bwana Picha hatabaki mpaka mwisho, hupenda kulala mapema.

Nambie kama nimechagua vizuri.

Wako,
Jamaldini


Kikwe
19 Mei 1954

Shemeji,

Umechagua vizuri. Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nimeichoma.

Njoo nayo. Lakini nakuomba kitu kimoja: usiharakishe kile kipande cha mwisho. Yule mama anayebisha hodi, mwache abishe mpaka Melkizedeki amwone.

Yudithi ameuliza kama nguo yake ya shule inafaa kuvaliwa mlimani. Nimemjibu kwamba ni ya shule.

Elifuraha


Kikwe
22 Juni 1954

Jamaldini,

Sikuandikii kukushukuru. Jumamosi mlifunga vitu na kuondoka mbio, hatukupeana hata mkono. Sasa nataka nikueleze mlichoacha nyuma yenu.

Umati ule uliuona mwenyewe. Walikuwa wametulia, hata Wangojao. Wale Wazungu wakagawa mali, watu wakaguna. Wakapanda kilima na watoto wao, nikamwona Melkizedeki amesogea mbele. Wakainua mikono. Hapo wewe ukasema, "Na hivyo ndivyo ilivyokuwa," na shuka la picha likawa giza.

Nilidhani mnabadilisha kopo. Nikangoja. Nikasikia gari linawashwa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza, "Wako wapi sasa?" Reginald akasimama. Hakupaza sauti hata kidogo. Akasema, "Wamechukuliwa. Mmeona kwa macho yenu. Serikali yenyewe imeonyesha. Wazungu walitangulia, na njia wakatuficha." Watu wakaanza kulia, na walikuwa wanalia kwa furaha.

Kufika jana nyumba kumi na moja zimezima moto. Moja ni ya mzee wa kanisa letu. Melkizedeki alirudi nyumbani akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu mama yake afe, akasema, "Jamaldini amesema mwenyewe." Aliniona nalia akadhani nimeamini.

Kipande cha tatu kilikuwa wapi?

Elifuraha


Ngarenaro
26 Juni 1954

Shemeji,

Nimehuzunika kupita kiasi. Mashine ilikuwa imepata moto kupita kiasi, na ule mtambo wa umeme una shida ambayo fundi ameahidi kuitengeneza tangu Pasaka. Ilikuwa tuzime au tuunguze picha. Hayo ndiyo yaliyotokea, na mimi sikuwa na la kufanya.

Watapoa. Watu wakisisimka huwa hivyo, baada ya wiki mbili mtu anakumbuka njaa yake. Jumanne tunaondoka kwenda Babati na kandokando yake mpaka mwisho wa Julai, vikopo vyote vimo ndani ya gari. Tukirudi nitamwomba Bwana Picha tupite tena kwako.

Msalimu Yudithi. Mwambie nguo ya shule ni ya shule kweli.

Jamaldini


Kikwe
2 Julai 1954

Shemeji,

Nilikaa hatua nne kutoka kwenye gari lenu. Mtambo wa umeme ulikuwa unanguruma vizuri mpaka Romanus alipouzima kwa mkono wake, naye aliuzima baada ya kusikia maneno yako. Mimi ni mwalimu, nimesikiliza watoto wa darasa la pili wakinieleza kwa nini hawakuleta daftari. Usiniandikie barua kama ile tena.

Reginald ametangaza siku. Ni Jumapili ya tarehe 25 mwezi huu. Wataanza kupanda tangu Ijumaa, na watoto watatangulia, kama walivyoona kwenye picha. Hilo la watoto halikuwamo katika mafundisho yake kabla hamjaja.

Nilijaribu kumtorosha Yudithi. Skolastika, jirani yangu ambaye ni Mkatoliki na haogopi mtu, alimchukua alfajiri kumpeleka kwa mama yangu Machame. Njiani kwenye daraja walikuwako vijana wanne wa Wangojao. Hawakumpiga. Walimchukua mtoto mikononi mwake wakamrudisha hapa wakiimba, wakamkabidhi baba yake, na baba yake akawashukuru. Tangu siku hiyo kuna mtu anakaa mlangoni kwangu mchana kutwa, anafuma vikapu, ananisalimu kwa heshima zote.

Utasema niende kwa Bwana DC. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Atatuma askari wenye bunduki, na watu hawa wameshaona askari wa serikali wakija na kiberiti. Mtu atarusha jiwe, na Yudithi atakuwa mbele.

Kwa hiyo umebaki wewe. Lete kipande cha tatu kabla ya tarehe 23. Hata ukikionyesha kwenye ukuta wa ghala la Harshad, nitawaleta.

Na uniambie kweli, ilikuwaje?

Elifuraha


Babati
7 Julai 1954

Shemeji Elifuraha,

Barua yako ilinikuta hapa jana kwa lori la posta. Nakujibu nikiwa nimekaa chini ya gari, asinione mtu.

Kweli ni hii. Kipande cha pili kilipokuwa kinakaribia mwisho nilisikia wanaume nyuma yangu wanaimba wimbo uleule wa kwenye picha. Picha haina sauti, Shemeji, wimbo wenyewe hawajawahi kuusikia, lakini walikuwa wanafungua midomo pamoja na wale Wazungu na sauti ikatoka. Nikageuka, nikawaona wamesogea mpaka kwenye magurudumu. Nikafikiria kinachofuata, kwamba kopo likibadilishwa watawaona wanaowapenda wakishuka na aibu, na mimi ndiye nitakayesema, na gari ni la bati, na tuko watu wawili. Nilikuwa Burma. Sikuogopa hivyo Burma. Mdomo ukajisemea maneno ya kufunga. Romanus akazima, maana ndivyo nilivyomzoeza.

Sikuwa na mashine mbovu. Nilikuwa na mwoga mmoja, na mwoga mwenyewe ni mimi.

Kuja siwezi. Bwana Picha yuko nasi, gari ni lake, na nikiondoka bila ruhusa nafukuzwa kazi na pengine kufungwa. Naona haya kuyaandika hayo baada ya ulivyoniandikia, lakini ndivyo nilivyo mpaka leo.

Ila nimefanya jambo. Nimefungua kopo la tatu nikakata mkanda urefu wa mkono mmoja, pale wanaposhuka kilima. Sehemu zilizobaki nimeziunganisha kwa gundi. Mkanda umo ndani ya bahasha hii. Ushike kwa kingo, uelekeze kwenye jua, utaona picha ndogondogo zimepangana, kila moja ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mwonyeshe Melkizedeki. Mwambie hicho ndicho kilichokatwa. Akishaona wanarudi nyumbani, amekwisha kujua.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, mwonyeshe hivyohivyo.

Jamaldini


Kikwe
14 Julai 1954

Shemeji,

Nimemwonyesha.

Tulitoka nje saa sita, jua lilikuwa kali. Aliushika mkanda vizuri kuliko mimi, kwa kingo, akautazama muda mrefu sana, picha moja baada ya nyingine. Nikamwambia, "Wanashuka. Siku ilipita, wakarudi makwao." Akaniuliza, "Unajuaje kama wanashuka?"

Nikautwaa nikatazama. Jamaldini, ni watu wadogo kama siafu kwenye njia ya mlimani. Hawatembei. Kila picha ni sawa na iliyo chini yake. Ukiugeuza mkanda upande wa pili, waliokuwa wanaelekea kulia wanaelekea kushoto. Niliugeuza mara ngapi sijui. Yule mwenye viatu mkononi nilimpata, nikamwonyesha. Akasema, "Amevua kwa sababu anakanyaga mahali patakatifu."

Kisha aliuomba. Nilikataa, akauchukua kwa upole tu, kama anavyochukua kila kitu siku hizi. Jioni ulikuwa mikononi mwa Reginald. Sasa watu wanapanga foleni asubuhi kuutazama juani, na kila mmoja anaona watu wanapanda.

Sikulaumu kwa hili. Nilikuwa tayari nimekulaumu, imetosha. Mwandikie Melkizedeki mwenyewe. Mwambie kwa mkono wako kwamba ulidanganya.

Elifuraha


Babati
16 Julai 1954

Melkizedeki ndugu yangu,

Sijakuandikia tangu mama yako alipofariki, na nasikitika kwamba naanza na haya.

Ile picha haikuishia pale. Watu wale hawakuchukuliwa. Asubuhi walishuka, wakiwa wamelowa na wenye njaa, na kiongozi wao alikuwa amekimbia. Nilikatisha mimi, kwa woga, kwa sababu niliwaogopa watu wako waliokuwa wanaimba nyuma ya gari. Unajua naweza kuogopa. Uliniona Burma siku ile mtoni, na hukumwambia mtu.

Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu na kwa wale tuliowazika pamoja. Kaa nyumbani. Kama ni lazima upande, mwache Yudithi kwa mama yake. Huko juu mwezi huu kuna baridi ya kuua ng'ombe.

Ndugu yako,
Jamaldini


Kikwe
20 Julai 1954

Jamaldini ndugu yangu,

Nimepata barua yako. Sina hasira nawe, wala na mke wangu, najua mmekuwa mkiandikiana.

Nimeyapima maneno yako yote mawili. La kwanza ulilisema mbele ya watu mia tatu, hakuna aliyekuomba, wala hukujua mimi nitalifanyia nini. Hili la pili unalisema baada ya mwanamke kulia. Mimi na wewe tulipokuwa walinzi wa zamu Burma tulifundishwa kwamba ripoti ya kwanza ndiyo ripoti.

Sikuwa nalala vizuri tangu walipochoma nyumba ya mama yangu. Tangu Jumamosi ile ya sinema nalala. Usiniombe nirudi kule.

Yudithi ana furaha. Amechagua mwenyewe nguo atakayoivaa.

Melkizedeki


Kikwe
22 Julai 1954

Shemeji,

Barua hii anaipeleka Skolastika kwa Harshad, na sijui itakukuta lini.

Kesho wanapanda. Nami nitapanda pamoja nao. Usije ukadhani nimeamini. Nimekaa nikahesabu njia zote zilizobaki na kila njia inampeleka mtoto juu. Iliyobaki ni moja tu, asiwe peke yake. Baba yake atakuwa anatazama mbinguni, ni lazima awepo mtu wa kumfunika.

Melkizedeki alipoona nafunga blanketi alipiga magoti akamshukuru Mungu. Nilimwacha ashukuru. Wao wamekatazwa kubeba kitu, lakini mimi nimeambiwa kwamba kwa kuwa nimeamini mwishoni nitavumiliwa. Nimevaa sweta mbili na kanga tatu, moja juu ya nyingine, nimekuwa mnene kama mke wa jumbe.

Naogopa sana. Naona aibu kwa mwandiko huu. Nilikuwa nikiwachapa watoto kwa mwandiko kama huu.

Usiwaite askari.

Elifuraha


Kikwe, ndani ya nyumba yako
28 Julai 1954

Shemeji,

Naandika kwenye meza yako, kwenye karatasi za shule, ili uikute ukirudi.

Barua yako niliipata Jumapili yenyewe, saa nne asubuhi. Nilisoma mstari wako wa mwisho na sikuutii. Nilikwenda posta ya Babati nikasubiri mpaka nikamwamsha karani, nikampelekea Bwana DC simu, kwamba watu wako mlimani na watoto. Kisha nikaliacha gari, vikopo, Bwana Picha na kila kitu, nikapanda lori la mahindi. Nimefika leo.

Mlango wako uko wazi. Kuku wameingia ndani. Majivu kwenye mafiga ni baridi.

Nilikwenda mpaka kwenye msitu. Askari wamefunga njia, hawaruhusu mtu kupita, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilimwambia koplo kwamba nina shemeji huko. Akasema kila mtu ana shemeji huko. Walipojua jina langu walinikamata, natakiwa Arusha nijieleze kwa kuacha kazi. Wamenipa muda wa kuandika hii.

Ukirudi, niandikie neno moja tu.

Jamaldini


Kikwe
11 Agosti 1954

Jamaldini ndugu yangu,

Nimesikia umefukuzwa kazi na kwamba uko kwako Ngarenaro. Barua uliyoiacha mezani nimeikuta. Aliyeandikiwa hakurudi.

Nitakueleza kwa mpango. Ijumaa na Jumamosi tulipanda. Jumapili tulisimama mahali penye mawe, juu kupita miti inapoishia, tukaimba mpaka jua likazama. Reginald akasema tusubiri, siku ya Mungu ina saa nyingi. Jumatatu tulisubiri. Jumanne mchana tukaona askari chini, wanapenya msituni. Watu wakakumbuka Ngare Nanyuki. Hakuna aliyetoa amri, tuliinuka wote tukapanda juu zaidi, mahali ambapo hata majani hayapo.

Usiku huo upepo ulikuja na manyunyu. Elifuraha alimfunga Yudithi blanketi, na juu yake sweta zote mbili, na juu yake kanga zote tatu. Akakaa upande wa upepo. Nilivua koti langu la jeshi nikampa. Akaniambia, "Mwekee mtoto." Nikamwekea. Nilikuwa mkono mmoja kutoka kwake, ndugu yangu, na bado nilikuwa nasikiliza kama kuna sauti angani.

Asubuhi mtoto aliamka, yeye hakuamka.

Nilimshusha mgongoni. Nilichimba kaburi kwa jembe nililolifukua, nikamzika kwenye shamba lake la maharage. Mimi na wewe tumezika watu, najua mtu aliyekufa. Sina shaka yoyote juu ya nilichokiona.

Lakini Reginald hakukimbia kama yule wa kwenye picha yako. Alikuja hapa siku ya tatu, akasimama mbele ya watu akasema kwamba mwili ni nguo tu iliyovuliwa, na kwamba kati yetu wote ni mmoja aliyeiva, mke wa Melkizedeki, aliyeamini mwishoni. Ndiye aliyechukuliwa. Sasa watu wanakuja kuchota udongo wa kaburi lake. Waliokuwa wanamkwepa kisimani wanaimba jina lake. Mke wangu, ambaye hakuamini hata dakika moja. Hilo alikuandikia wewe, mimi nilikuwa nimepiga magoti nikishukuru. Skolastika ndiye aliyeniambia.

Wametangaza siku nyingine, ya mwezi wa kumi.

Mimi siendi. Nimewasha moto. Nimewaambia waziwazi, wakanitazama kama mgonjwa wakaenda zao. Lakini kuna Yudithi. Kila jioni anakwenda kaburini nao. Nikimwambia kwamba mama yake amekufa kwa baridi, ananihurumia. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba watu huchukuliwa. Nilimfundisha miezi yote ile, kwa sauti nzuri, akiwa amekaa kwenye goti langu, na sasa neno langu jipya halina nguvu kwake. Nilikujibu kwamba ripoti ya kwanza ndiyo ripoti, na mtoto wangu anafuata hivyohivyo.

Njoo. Wewe anakujua kwa sauti. Nenda naye mpaka pale shambani, umwambie ulichokifanya na nilichokifanya, hata kama watu watakusogelea. Nitasimama nawe. Sijui kama atakuamini, lakini sina mtu mwingine wa kumwomba.

Nilipomwambia nakuandikia, alitaka naye aandike. Nimetia karatasi yake humu kama alivyoiandika, sikurekebisha kitu.

Melkizedeki


Shikamoo baba mdogo.
Mimi ni Yudithi. Mama alichukuliwa. Mimi nilikuwa nimelala sikuona. Baba analia kila siku lakini Mwalimu Reginald halii. Mwezi wa kumi tunapanda tena. Siku hiyo sitalala.